Vidonge Vinapoanza Kushindwa: Kuishi na Kisukari cha Kinga ya Mwili Kinachokuja Polepole Utu Uzimani

Kuna watu wazima wanaoambiwa wana kisukari aina ya pili, wakapewa metformin na baadaye glibenclamide, wakaacha soda, wakapunguza sukari kwenye chai, wakatembea kila jioni, na bado mwaka wa pili au wa tatu sukari ikaanza kupanda huku mwili ukizidi kukonda. Kliniki huwauliza kama kweli wanameza dawa. Nyumbani huulizwa wanakula nini kwa siri. Kwa baadhi yao kosa halipo kwenye nidhamu hata kidogo. Kinga ya mwili wao inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na inafanya hivyo taratibu, kwa miezi na miaka, hadi vidonge vinakosa cha kusukuma.

Madaktari wameuita ugonjwa huu LADA, kifupi cha Kiingereza cha kisukari cha kinga ya mwili kilichojificha kwa watu wazima, tangu 1993. Shirika la Afya Duniani, katika mpangilio wake wa aina za kisukari wa 2019, liliuweka kati ya aina zinazochanganya sifa za ya kwanza na ya pili. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioitwa UKPDS ulipopima watu waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na aina ya pili, mmoja kati ya kumi alikutwa na kingamwili za GAD, ambazo ni alama ya mashambulizi hayo. Katika kundi lenye kingamwili hizo, waliogunduliwa kabla ya miaka 35 asilimia 84 walihitaji insulini ndani ya miaka 6. Waliogunduliwa baada ya miaka 55 walikuwa asilimia 34. Kwa hiyo mwendo hutofautiana sana, lakini mwelekeo ni uleule: dawa iliyokufaa mwaka huu huenda isikufae mwakani, na kazi kubwa ya kuishi na ugonjwa huu ni kuyaona mabadiliko mapema kabla hayajakulaza hospitali.

Nani aombe kupimwa

Dalili tano hutumika kuchuja: kugunduliwa na kisukari kabla ya miaka 50, kuanza kwa kishindo, yaani kiu kali, kukojoa sana na kukonda ghafla, uzito usio mkubwa kwa urefu wako (BMI chini ya 25), kuwa na ugonjwa mwingine wa kinga ya mwili kama wa tezi la shingo au mabaka meupe ya ngozi, na kuwa na ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa namna hiyo. Mwenye mbili au zaidi ana sababu ya kuomba vipimo. Mwenye moja, au asiye nayo kabisa, uwezekano wake ni mdogo sana.

Hapa Afrika Mashariki pana tahadhari mbili. Kwanza, wembamba peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu wagonjwa wengi wa aina ya pili kwetu ni wembamba. Pili, kukosa kingamwili hakumalizi mjadala. Utafiti uliochapishwa 2025, uliofanywa kwa vijana wenye kisukari kinachohitaji insulini nchini Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, ulikuta zaidi ya nusu yao hawana kingamwili zinazojulikana. Mtu anayekonda, mwenye sukari isiyoshuka, anahitaji insulini hata kama karatasi ya maabara inasema GAD haipo. Matibabu hufuata mwili wa mgonjwa.

Mama aliyepata kisukari cha mimba kisha sukari ikabaki juu baada ya kujifungua, tena ni mwembamba, naye asikubali kuitwa aina ya pili bila kupimwa.

Vipimo viwili, na namna vinavyopotosha

Kipimo cha kwanza ni kingamwili za GAD. Hufanywa mara moja, na si lazima ufunge kula. Majibu yakiwa juu sana ya mpaka wa maabara, tegemea mwendo wa haraka zaidi. Yakiwa juu kidogo tu, yaani yanagusa mpaka, rudia au ongeza kipimo cha kingamwili nyingine (IA-2 au ZnT8), maana majibu ya mpakani yanaweza kuwa ya uongo. Hospitali nyingi za wilaya hazina kipimo hiki. Maabara kubwa za binafsi za Nairobi na Dar es Salaam hupokea sampuli, na huenda ukasubiri majibu kwa siku kadhaa. Uliza bei kabla ya kutolewa damu.

Cha pili ni C-peptidi, kinachoonyesha kongosho lako bado linatengeneza insulini kiasi gani. Hiki ndicho cha kurudia, kila miezi 6 ikiwezekana au angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu ndicho kinachoonyesha mwendo. Wataalamu waliokaa pamoja na kutoa mwongozo wa kimataifa mwaka 2020 waliyagawa majibu hivi:

- Zaidi ya 0.7 nmol/L (karibu 2.1 ng/mL): kongosho bado lina nguvu. Matibabu yanakaribiana na ya aina ya pili, ila kipimo kirudiwe.
- Kati ya 0.3 na 0.7: eneo la kati. Insulini kidogo huenda ikahitajika.
- Chini ya 0.3 (karibu 0.9 ng/mL): tibiwa kama aina ya kwanza, kwa insulini kamili.

Angalia kizio kabla ya kushtuka. Maabara nyingine huandika pmol/L, na hapo 0.3 husomeka 300. Damu itolewe ndani ya saa tano baada ya kula, na glukosi ipimwe kwenye sampuli ileile. Ukipimwa sukari ikiwa imeshuka, kongosho huwa limenyamaza na C-peptidi itaonekana ndogo kuliko ukweli. Figo zikiwa zimeharibika, C-peptidi hubaki kwenye damu na kuonekana kubwa.

Kuhusu HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, pwani na ukanda wa ziwa wana sababu ya kukitilia shaka. Selimundu, upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), malaria ya karibuni na kuongezewa damu vinaweza kukiyumbisha, mara nyingi kikionyesha sukari ndogo kuliko ilivyo. Upungufu wa madini ya chuma hukipandisha. Ikiwa daftari lako la vipimo vya sukari linaonyesha 11 na 13 mmol/L kila siku halafu HbA1c inatoka 6.5%, amini daftari na umwambie daktari hivyo.

Vidonge: kipi kibaki, kipi kiondoke

Metformin inaweza kubaki. Haiokoi seli za kongosho, lakini husaidia insulini iliyopo kufanya kazi, hasa kwa mwenye uzito mkubwa.

Glibenclamide (Daonil), gliclazide na glimepiride ndizo za kuzungumza na daktari mara tu GAD ikithibitishwa. Hizi hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi, na ushahidi uliopo unaonyesha kwamba wenye LADA wanaozitumia hupoteza insulini yao haraka kuliko waliopewa insulini mapema. Huo ni ushauri wa mwongozo wa 2020 pia: zisitumike. Usiziache siku moja bila kuwa na mbadala mkononi, kwa sababu sukari inaweza kuruka ndani ya siku chache.

Dapagliflozin na empagliflozin, zinazotoa sukari kwa mkojo, zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kwa mtu ambaye insulini yake inapungua zinaweza kuleta tindikali ya ketoni mwilini, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huchoma ukikosa insulini, huku mashine ya sukari ikisoma 10 au 11 tu. Mgonjwa anatapika, anapumua kwa nguvu, na kila mtu anatulia kwa sababu “sukari si kubwa”. Kama umeandikiwa dawa hizi na una GAD, muulize daktari waziwazi kuhusu hatari hiyo.

Dawa za mitishamba zinazouzwa kama tiba ya kisukari ni hatari hapa kwa njia mbili. Baadhi zimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, zimechanganywa na glibenclamide kimyakimya. Na zote, hata zile safi, hushawishi mtu kuacha insulini. Kunywa mlonge ukipenda, ila sindano ibaki palepale.

Kuanza insulini kabla ya kuzidiwa

Wengi husubiri hadi sukari isome 25 na uzito uwe umepungua kilo kumi. Ni kuchelewa. Ishara za kuanza zinaonekana mapema: sukari ya saa mbili baada ya kula inavuka 10 mara kwa mara licha ya chakula kilekile, sukari ya asubuhi inapanda kutoka 6 hadi 8 hadi 9 kwa miezi, unakonda bila kukusudia, C-peptidi imeshuka tangu kipimo kilichopita. Kukonda huko kusipokelewe kwa pongezi. Kwa mtu mwenye kingamwili, kukonda huku anakula ni mwili unaokula misuli yake kwa kukosa insulini.

Mwanzo wa kawaida ni insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku, mathalani NPH (Insulatard) wakati wa kulala, uniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 huanza na uniti 6 hadi 12. Wenye LADA, hasa wembamba, waanzie upande wa chini kwa sababu kongosho lao bado linachangia. Kisha dozi huongezwa kwa uniti 2 kila siku tatu, kama mlivyokubaliana na kliniki, hadi sukari ya kuamka iwe kati ya 4 na 7. Ukipata hata mara moja chini ya 4 bila sababu unayoijua, punguza dozi kwa asilimia 10 hadi 20.

NPH hufikia kilele saa 4 hadi 10 baada ya kuchoma. Ukiichoma saa mbili usiku, kilele kinaangukia usiku wa manane ukiwa usingizini; ukiichoma saa nne au tano usiku kinasogea kuelekea alfajiri, ambako ndiko inakohitajika. Ukiamka na jasho, ndoto mbaya na kichwa kuuma, pima saa tisa usiku kwa siku mbili tatu kabla ya kuongeza dozi yoyote.

Mixtard 30/70 ndiyo inayopatikana zaidi kwenye vituo vingi vya umma, na inafanya kazi ikiheshimiwa. Huchomwa nusu saa kabla ya kifungua kinywa na nusu saa kabla ya chakula cha jioni. Shida yake ni chakula cha mchana: sehemu ya muda mrefu ya sindano ya asubuhi hufika kileleni mchana, ule usile. Mama ntilie akichelewa na ukasubiri hadi saa tisa alasiri, utatetemeka. Mwenye kazi isiyo na saa za kula zinazotabirika aombe kuhamishiwa NPH pamoja na Actrapid (insulini ya muda mfupi), au insulini za kisasa kama bajeti inaruhusu.

Uchomaji wenyewe una makosa yanayojirudia:

Insulini yenye maziwamaziwa (NPH na Mixtard) iviringishwe kati ya viganja mara 10 hadi 20 mpaka iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise. Isiyochanganyika hutoa dozi dhaifu leo na kali kesho, nawe utadhani ni chakula.

Ukichanganya mbili kwenye bomba moja, vuta angavu kwanza (Actrapid), kisha yenye maziwa. Ukigeuza, NPH huingia kwenye kichupa cha Actrapid na kukiharibu.

Choma tumboni, vidole vitatu kutoka kitovuni, au pajani kwa nje. Sogea upana wa kidole kila mara. Wanaochoma palepale hupata uvimbe laini wa mafuta chini ya ngozi. Insulini ikiingia hapo hunyonywa ovyo. Papasa tumbo lako mara moja kwa wiki, na ukikuta uvimbe huo, pahame kwa miezi kadhaa. Jihadhari: ukihamia ngozi nzima dozi ileile itakuwa na nguvu zaidi, kwa hiyo ipunguze kidogo kwa ushauri na upime mara nyingi siku hizo.

Soma bomba. Insulini ya kwetu ni U-100, uniti 100 kwa mililita moja, na bomba lake kwa kawaida lina kifuniko cha rangi ya chungwa. Mabomba ya U-40, kwa kawaida yenye kifuniko chekundu, bado yapo duniani, mengine kwa ajili ya mifugo. Ukivuta insulini ya U-100 hadi alama ya 20 kwenye bomba la U-40, umevuta uniti 50. Dozi ya namna hiyo huua.

Sindano zilizotumika zitiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kituoni, mbali na watoto na wazoa taka.

Kuitunza penye joto na umeme wa kukatika

Vichupa visivyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mlangoni au rafu ya chini. Visigusane na sehemu ya barafu: insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kichupa kilichofunguliwa hutupwa baada ya wiki 4. Cha mililita 10 kina uniti 1,000, kwa hiyo mtumiaji wa uniti 12 kwa siku atamwaga zaidi ya nusu. Akipata vichupa vidogo au katriji za kalamu za mililita 3 hasara hupungua.

Asiye na friji asikate tamaa. Kambini Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto halisi la nyumba za wakimbizi, na Chuo Kikuu cha Geneva kikaijaribu insulini katika joto hilo hilo la nyuzi 25 hadi 37. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha insulini za kawaida zilizojaribiwa zilidumisha nguvu kwa wiki 4. Kinachoua insulini ni jua la moja kwa moja, gari lililofungwa, na dashibodi ya basi.

Mbinu ya chungu ni nzuri. Chukua chungu kikubwa, weka kidogo ndani yake, jaza mchanga katikati na uuloweshe asubuhi na jioni. Insulini ikae kwenye kopo kavu lenye kifuniko ndani ya chungu kidogo, kifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, mahali pa kivuli penye upepo. Kwa kuwa ubaridi unatokana na maji kugeuka mvuke, chungu hufanya kazi vizuri sana Dodoma au Garissa, na kidogo tu Tanga au Mombasa ambako hewa imejaa unyevu. Pwani, bora kivuli na kupunguza akiba nyumbani.

Safarini insulini ibaki nawe, kwenye mkoba wa mkononi. Isiende kwenye buti wala kwenye shehena ya ndege.

Stripu chache zitumike kwa akili

Stripu ni ghali, na kupima ovyo hakufundishi kitu. Ukiwa na stripu 7 kwa wiki, tatu zitumie asubuhi kabla ya kula, siku tofauti. Nne zilizobaki ziwe jozi mbili: pima kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada ya kuanza kula mlo huohuo. Wiki hii jozi za mchana, wiki ijayo za usiku. Baada ya mwezi utajua mlo upi unakushinda, na kliniki itakuwa na kitu cha kufanyia kazi. Andika tarehe, saa, kipimo, chakula na dozi. Daftari hili likitunzwa mwaka mzima ndilo linaloonyesha ugonjwa unasogea.

Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Aliyemenya embe akapima bila kunawa anaweza kusoma 15 ilhali ana 7. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Kopo la stripu lifungwe mara moja, unyevu huziharibu. Mashine ikisoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L.

Chakula: pima unga, usipime ugali

Ugali hauna kipimo kimoja, kwa sababu kila nyumba ina maji yake. Unga ndio haubadiliki. Kilo moja ya unga, wa mahindi au wa ngano, ina takriban gramu 750 za wanga. Kilo ya mchele mkavu takriban 800. Hesabu kutoka hapo. Kilo ya unga wa ngano ikitoa chapati 10, kila moja ina gramu 75. Ikitoa 15, kila moja ina 50. Nusu kilo ya sembe ikiliwa na watu wanne sawasawa, kila mmoja amepata gramu 94 kabla ya mboga. Watu wengi hudhibiti sukari vizuri zaidi kwa gramu 45 hadi 60 kwa mlo, yaani unga wa gramu 60 hadi 80. Pima mara moja kwa mizani ya dukani, mimina kwenye kikombe cha nyumbani, weka alama.

Muhogo wa kuchemsha una wanga mwingi kuliko kiazi kitamu cha uzito uleule, karibu mara mbili. Dona hupandisha polepole kuliko sembe, ila gramu zake za wanga hazipungui sana, na wengi hujidanganya hapo. Anza mlo na mboga za majani, maharage au samaki, wanga ufuate.

Usijinyime wanga kabisa ili kukwepa sindano. Kwa aina ya pili mwenye kitambi hilo linaweza kusaidia. Kwa mwenye LADA mwembamba linaficha upungufu wa insulini na kumpeleka kwenye ketoni.

Sukari ikishuka

Chini ya 4 mmol/L, acha unachofanya. Vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari au glukosi kwenye maji, au nusu glasi kubwa ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 pima tena. Bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula kitu cha kukaa kama kipande cha mkate au ndizi. Chokoleti na maziwa ya mafuta huchelewa, zisitumike kwanza. Anayeendesha bodaboda au lori apime kabla ya kuwasha, na asiondoke chini ya 5. Kulima au kucheza mpira kunaweza kushusha sukari hadi usiku wa siku ileile. Pombe pia, hasa bila kula.

Nyumbani wafundishwe jambo moja: aliyezimia asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali apewe dripu ya sukari.

Siku za homa na kutapika

Huli, basi uache kuchoma? Hapana. Insulini ya muda mrefu haiachwi hata siku ya kutokula, kwa sababu homa yenyewe hupandisha sukari. Pima kila saa 4. Kunywa maji, uji mwepesi au supu, kikombe kidogo kila saa. Metformin isimamishwe ukiwa unatapika au kuharisha sana, na dapagliflozin au empagliflozin vilevile. Sukari ikivuka 14, pima ketoni kwa stripu za mkojo, ambazo ni nafuu na kila mwenye LADA anapaswa kuwa nazo nyumbani. Alama mbili (++) au zaidi, kutapika mara kwa mara, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kina na haraka: nenda hospitali saa hiyo, usiku au mchana, ukaseme “nina kisukari cha kinga ya mwili, naomba kupimwa ketoni”. Sema hivyo kwa sauti. Homa na kutapika kwetu hudhaniwa malaria kwanza, na saa nyingi hupotea kwenye kipimo cha malaria peke yake. Ukitibiwa kwa kwinini, fahamu inaweza kushusha sukari. Prednisolone na deksamethasoni huipandisha sana.

Ramadhani

Anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku, aliyewahi kupata ketoni au aliyezimia kwa sukari kushuka miezi ya karibuni yuko kwenye hatari kubwa, na ushauri wa kitabibu ni asifunge. Anayetumia vidonge na sindano moja ya usiku anaweza, akimwona daktari wiki 6 hadi 8 kabla. Mara nyingi insulini ya muda mrefu huhamishiwa wakati wa futari na kupunguzwa kwa asilimia 15 hadi 30. Daku iliwe mwisho kabisa wa muda wake. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, kwa kauli ya wanazuoni wengi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kuvuka 16.6, fungua hapohapo hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe.

Magonjwa yanayofuatana nacho

Macho yapimwe kwa kutanuliwa mboni mara unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Vivyo hivyo mkojo kwa albumini (protini), kreatinini (kipimo cha figo), shinikizo la damu na nyayo.

Juu ya hayo, kinga iliyokosea kwenye kongosho inaweza kukosea kwingine. Pima homoni ya tezi la shingo (TSH) kila mwaka mmoja au miwili. Uchovu, kunenepa na kusikia baridi visipuuzwe kama “sukari tu”. Ganzi miguuni kwa anayetumia metformin kwa miaka mingi ni sababu ya kupima vitamini B12, maana dawa hiyo huipunguza, na ugonjwa wa kinga wa tumbo pia.

Ukiona sukari inashuka mara kwa mara kwa dozi ileile iliyokutosha, unakonda, unatamani chumvi, kizunguzungu kinakushika ukisimama, na fizi au mistari ya viganja imekuwa myeusi kuliko zamani, omba kupimwa tezi zilizo juu ya figo. Kwetu tezi hizo huharibiwa na kinga ya mwili na pia na kifua kikuu. Na kwa kuwa kisukari huongeza uwezekano wa kifua kikuu, kikohozi cha wiki mbili pamoja na kukonda kipimwe makohozi kwanza, kabla mtu yeyote hajakuongezea dozi ya insulini.